Siku Nilipoingiza Mizani ya Watu Kwenye Lifti

Kama una rafiki anayependa kusambaza video za kuchekesha, huenda umeshaniona. Ni yule msichana wa sekondari, sketi ya bluu imejaa vumbi magotini, anavutwa mikono yote miwili atoke kwenye lifti iliyokwama katikati ya ghorofa, na nyuma yake anasikika mwanamke akifoka, "Nitoeni na mimi, nani kawaambia mwanze na hao wajinga?" Ndiyo, ni mimi. Nimekana mara nyingi, hata chuoni niliwahi kusema yule ni mdogo wangu (sina mdogo), lakini nimechoka kukana, kwa hiyo kaeni niwasimulie mwenyewe, maana kile kipande hakifiki hata dakika na mimi aibu yake ilinila siku nzima.

Nilikuwa kidato cha nne, na asubuhi hiyo tulikuwa tumefanya mtihani wa taifa wa fizikia, ule wa kuandika, wa maabara ulikuwa kesho yake. Darasani kwetu nilikuwa naitwa Profesa. Sijisifu, au basi, najisifu kidogo, ila ukweli ni kwamba mtihani wowote ukiisha watu walikuwa wananikimbilia mimi, "Zaituni, namba tano umepata ngapi, Zaituni, ile ya kioo umechoraje," na mimi naegemea ukuta kama mtu anayehojiwa redioni, natoa jibu, halafu namwona mmoja anaruka kwa furaha na mwingine anashika kichwa. Mungu anisamehe, lakini ile ya mtu kushika kichwa niliipenda pia.

Basi tumetoka, jua la saa sita liko utosini, tumejazana getini kama watu kumi na watano hivi, likaja swali la lifti. Lilikuwa linasema hivi: mtu wa kilo sitini amesimama juu ya mizani ndani ya lifti, lifti inaanza kupanda huku ikiongeza kasi kwa mita mbili kwa sekunde kila sekunde, je, mizani itasoma ngapi? Yaani lifti ikitulia mizani inasoma nyutoni mia sita, na ukiacha mahesabu yote, kinachoulizwa ni kwamba wakati lifti inaanza kupanda, huyo mtu ataonekana mzito zaidi au mwepesi zaidi. Kabla hata mtu hajamaliza kulisoma nikasema, "Nyutoni mia nne themanini, hilo la bure kabisa. Ukinyanyuliwa unakuwa mwepesi, jamani, mtoto akibebwa anakanyaga chini?"

Kassim akapiga kelele, "Nimepata! Nimepata mia nne themanini!" (Huyu Kassim nilikuwa nakaa naye dawati la mbele, ni kijana wa kubishana hata na saa ya ukutani, ila mimi alikuwa ananiamini.) Wengine wakashangilia, wengine wakashika vichwa. Ndipo Neema, rafiki yangu wa tangu kidato cha kwanza, mtoto mpole ambaye kumsikia lazima uinamishe sikio, akasema, "Mimi nimepata mia saba na ishirini."

Nikacheka. Sikucheka kidogo, nilicheka kwa kuwageukia watu. "Kwa hiyo Neema, mtu akipanda lifti ananenepa?"

Geti zima likaangua kicheko. Neema akafunga zipu ya begi lake taratibu, akaifungua, akaifunga tena. Alikuwa anaitaka fizikia kuliko sisi sote, kwa sababu alitaka kwenda chuo cha wataalamu wa maabara za hospitali na bila fizikia hawamchukui, na mimi nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale. Akasema, "Basi nimefeli. Kesho sijui hata kama nitakuja."

Kama mnadhani niliishia hapo, sikuishia. Kassim alikuwa ameshachukua simu yake kwa mama wa genge alikoiacha, nikamnyang'anya, nikaingia kwenye kundi la darasa, nikarekodi maelezo ya sauti ya dakika nne kuwaeleza wote, hata walioondoka, kwa nini jibu ni mia nne themanini. Dakika nne! Nilitaja na watu waliokosea.

Tukaanza kutembea sisi watatu kurudi Kariakoo, maana mimi nilikuwa naishi kwa shangazi yangu mwenye duka la mapazia, na hao wawili walikuwa wanapandia magari upande huo huo. Na ndipo mashaka yakaanza. Ni kwamba nilimfahamu Neema, hasemi kitu mpaka awe na hakika nacho, na ile mia saba na ishirini alivyoitamka hakuitamka kama mtu wa kubahatisha. Tunapita Gerezani, mafundi wanagonga vyuma, mabasi ya mwendokasi yanatupita, mimi sioni kitu, nimetoa kalamu najichora kiganjani mshale wa kwenda juu na mshale wa kwenda chini, jasho linafuta, nachora tena. Nikifika nusu ya hesabu nasikia kile kicheko changu mwenyewe cha getini. Nikawa naongea peke yangu. "Ila ukinyanyuliwa..." nasema, halafu naacha. Neema anatembea pembeni yangu kimya, hata hanitazami, na ukimya wake ndio ulionitesa, maana angebishana ningemshinda.

"Sasa unahangaika nini?" Kassim akaniuliza. "Si umesema ni la bure?"

"Sihangaiki. Nataka tu Neema aelewe."

"Basi si tukajaribu? Hapa Kariakoo maghorofa yamejaa, lifti zipo."

Sasa ngojeni niwaambie jambo la aibu zaidi ya ile video. Mimi, mtoto niliyekulia katikati ya maghorofa ya Kariakoo, nilikuwa sijawahi kupanda lifti hata siku moja. Duka la shangazi liko chini, nyumba tunayolala ina ngazi, ningeipandia wapi? Yale yote niliyowaeleza watu kwa dakika nne nilikuwa nayatoa kichwani.

Mtaa wa tatu kutoka dukani kwa shangazi kuna jengo la biashara la ghorofa saba, na mlangoni pake alikuwa anakaa kaka mmoja wa Kilwa anaitwa Shaweji, kazi yake kupima watu uzito. Ana mizani yake ya mshale, ile ya duara, ameifunika kitambaa safi, na siku nzima anaita, "Pima uzito ujijue!" Shangazi yangu alikuwa mteja wake. Siku hiyo tunafika Shaweji hayupo, amekwenda kuswali adhuhuri, mizani ameiacha pembeni ya jirani yake muuza chaja. Na huyu muuza chaja alikuwa anagombana bei na mteja. Nikamwambia, "Kaka, tunaazima mizani dakika mbili tu!" Akanyoosha mkono juu, vidole vitano vyote. Mimi nikachukulia ni ruhusa. (Baadaye ilikuja kujulikana kwamba alikuwa anamwambia mteja wake elfu tano ndio mwisho.)

Neema akasema, "Zai, tumsubiri mwenyewe."

"Dakika mbili, Neema. Hata rakaa ya pili hajafika."

Nikaibeba mizani kifuani kama mtu aliyebeba keki, tukaingia nayo kwenye lifti.

Safari ya kwanza hatukuona kitu, watu walijaa, miguu mingi, mifuko mingi, nimesimama juu ya mizani naonekana mrefu kuliko wote na hakuna anayeweza kusoma mshale. Ila kuna kitu nilikisikia. Lifti ilipoanza kupanda magoti yangu yalikuwa mazito ghafla, kama mtu kanikalia mabegani. Sikumwambia mtu. Tukashuka, tukapanda tena, safari hii tulikuwa watatu tu na Kassim amechuchumaa anamulika mshale na tochi ya simu. Lifti ikaanza. "Imepanda!" akasema. "Ilikuwa hamsini na moja, ikaenda hamsini na nne!"

"Umetingisha wewe."

"Mimi nimegusa wapi?"

"Basi mimi nimetingishika. Tunarudia."

Neema alikuwa ameegemea ukuta wa lifti anatazama dari. Angesema tu "nilikuambia," ningekubali yaishe, lakini hakusema, na mimi kichwani nilikuwa nazungushwa na ile sauti yangu ya dakika nne ambayo muda huo ilikuwa inasikilizwa na darasa zima.

Safari ya tatu akaingia mama mmoja mfanyabiashara, mwili wa kutosha, ana robota la vitenge analiburuta, anahema, anakwenda ghorofa ya sita kwa wateja wake wa kutoka Komoro. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba. Hiyo mizani mnaipeleka wapi?" "Juu, mama." Lifti ikaanza kwa kusuasua, mshale sikuuona vizuri, na hapo ndipo akili ya Profesa ikafanya kazi: nikiisimamisha lifti katikati halafu nikaiwasha tena, itaanza upya na nitaona vizuri. Kulikuwa na kitufe chekundu. Nikakibonyeza.

Ikasimama kwa kishindo, taa ikazima, na kile kifeni cha juu kikaacha kuzunguka. Nikabonyeza tena iendelee. Haikuendelea. Nikabonyeza vyote, moja hadi saba.

"Nani kagusa?" mama akauliza gizani.

Kassim akawasha tochi, na wale rafiki zangu wawili, bila hata kukonyezana, wakanitazama mimi.

Nikajieleza. Nikaeleza swali, mtu wa kilo sitini, lifti, mizani, mshale. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, jasho linamtiririka, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Na huo mtihani mmeshaufanya?"

"Tumeshaufanya, mama."

"Mmeshakusanya makaratasi?"

"Tumekusanya."

"Sasa jibu mnalitafutia nini?"

Mama akasukuma robota lake kando, akatazama huku na huku pa kukaa, akaona mizani, akaikalia. "Miguu inaniuma," akasema. "Nimulikie niione. Tisini na nane! Mizani gani hii, ya uongo."

Tukapiga kelele, tukagonga mlango, kengele ya dharura ilikuwa hailii, simu haina mtandao. Joto likapanda. Ilipita kama nusu saa ndipo tukaanza kusikia sauti kutoka chini, tukafurahi, tukadhani tumesikika. Nikabandika sikio kwenye upenyo wa mlango.

"Mizani yangu! Wameniibia mizani! Watoto wa shule watatu, msichana ndiye aliyebeba!"

Nyie mnaijua Kariakoo, ukiitwa mwizi pale hakuna anayekuuliza jina la baba yako, watu wanakuja mbio wakiwa wameshaokota cha kupigia, maswali baadaye. Neema akaanza kusali kwa sauti ndogo. Kassim naye akapata wazo. "Mama, naomba unyanyuke kidogo tuifiche mizani kwenye robota lako."

"Unyanyuke nani? Mnataka na mimi niwe mwizi?" Akajikaza pale pale juu ya mizani. "Sinyanyuki mpaka lifti ifunguliwe."

Ikapelekwa habari kwa fundi wa jengo, nikamsikia anapanda ngazi anagombana na watu wanaomfuata, vyuma vikagongwa juu yetu, na ghafla lifti ikashtuka ikaruka juu kidogo, kwa nguvu, mpaka sisi tuliosimama tukakunja magoti. Mama alikuwa bado ameinamia mshale wake, tochi ya Kassim inamulika pale pale.

"He!" akasema. "Mia na kumi! Si ilikuwa tisini na nane? Imeniongezea kilo kumi na mbili hapa hapa nimekaa!" Lifti ikatulia. "Imerudi. Haya, ni mizani ya mashetani hii?"

Neema alikuwa amenitazama. Hakucheka, hakuinua hata nyusi, alinitazama tu, na mimi nikasema, "Nimeona, Neema." Hapo hapo, kwenye lile joto, nilihesabu alama nilizopoteza, nikawahesabu na wale wote niliowatajia majina.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Lifti ilikuwa haijafika sawasawa, sakafu ya ghorofa ya nne ilikuwa usawa wa kifua changu, na juu yake nikaona miguu, halafu nyuso, halafu simu nyingi zimeinuliwa. Nikavutwa mikono, nikaburuzwa magoti, ndiyo hiyo mliyoiona. Walipomtoa Kassim na mizani ikaonekana nyuma yake, Shaweji akapasua kundi, kofia ameishika mkononi, macho mekundu. "Ndio hawa! Mizani yangu hiyo!" Mtu mmoja nyuma yake akaanza kufungua mkanda wa suruali, mwingine akasema, "Wawekeni chini." Ndugu zangu, mimi mwenye mdomo wa dakika nne sikuweza hata kusema "tuliazima."

Aliyetuokoa ni yule mama, ambaye bado alikuwa shimoni. "Nyie!" akafoka. "Hawa si wezi, hawa ni wajinga! Mwizi gani anaiba mizani chini halafu anapanda nayo juu? Wameniweka humu saa nzima wananipigia hesabu za lifti! Nitoeni, wageni wangu wananisubiri!"

Mtu mmoja akacheka. Akacheka na wa pili. Yule wa mkanda akauliza, "Hesabu za lifti?" na Kassim (kubishana kukimjaa mtu hata kifo hakimzuii) akaanza kumweleza swali lote, hata jina langu la Profesa na zile dakika nne kwenye kundi la simu, na watu wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kama unapanda unakuwa mzito au mwepesi, fundi akasema mzito, kila mtu anajua mzito, wewe hujawahi kupanda lifti? Kicheko kikajaa ngazi nzima. Nilichekwa pale mpaka nikaelewa vizuri sana Neema alisikiaje getini.

Shangazi akafika, ushungi umeteleza begani, anahema kwa ngazi. Alikuwa ameambiwa nimekamatwa kwa wizi. Alipoelezwa ukweli hakunipiga, bora angenipiga, alimgeukia Shaweji akamwambia, "Kaka Shaweji, huyu ni mtoto wangu, ila leo ni wako. Mwambie afanye nini." Na Shaweji, ambaye hasira zilikuwa zinamwisha, akasema polisi hapeleki mtu, lakini wateja wake wa mchana wamemkimbia, basi Profesa akae mlangoni amwitie wengine mpaka alasiri.

Nikakaa. Na sare yangu ya shule. "Pima uzito ujijue!" Mara ya kwanza nilisema kama mtu anayeumwa koo. "Hawasikii hao," Shaweji akasema, "hawako kwenye kundi lenu la simu." Nikapaza. Wakapita wanafunzi wa shule yetu, wakasimama, wakarudi nyuma kuhakikisha. Kassim alikuwa ameshakumbuka kwamba mama yake anamwita, akayeyuka. Neema ndiye aliyebaki, hakuambiwa abaki, alikaa tu juu ya kreti karibu yangu.

"Neema," nikasema, "nisamehe kwa pale getini."

Akafungua zipu ya begi lake, akaifunga. "Unajua ulipocheka, nilitamani warudishe karatasi nikafute. Na lilikuwa jibu sahihi. Ningelifuta kwa ajili yako."

Hilo ndilo lililoniliza, sio mkanda, sio video. Nililia huku naita watu wapime uzito.

"Kesho utakuja?" nikamuuliza.

"Nitakuja. Wewe usiniulize kitu tu."

Jioni nikaazima simu ya shangazi, nikaingia kwenye kundi la darasa kusema jamani jibu ni mia saba na ishirini, nisameheni, hasa niliowataja. Video ilikuwa imeshanitangulia, na chini yake hakuna aliyezungumzia fizikia. Mmoja tu, msichana aliyekuwa ameshika kichwa kwa sababu yangu, aliniandikia pembeni: "Nililia mchana kutwa, Zai. Mama hakuniacha peke yangu hata kula, aliogopa nisije nikajidhuru." Niliusoma ujumbe huo mara nyingi.

Kesho yake tukafanya ule wa maabara. Nilipotoka watu wakanizunguka kama kawaida, maana binadamu hajifunzi kwa aibu ya mwenzake, "Profesa, grafu yako imekatia wapi?" Nikawapita katikati, begi mgongoni, nikaenda moja kwa moja nje ya geti. Neema alikuwa anatoka pia. Tukatembea pamoja, tukaongea habari za viatu.

Matokeo yalipotoka fizikia nilipata C na Neema alipata A, yuko chuo chake cha maabara sasa hivi, na bado ni rafiki yangu, kwa huruma yake. Mimi nilijiapiza na kiapo hicho sijakivunja: mtihani ukishakusanywa, kwangu umekufa na umezikwa. Hata wiki iliyopita hapa chuoni tumetoka kwenye chumba cha mtihani, jamaa mmoja ananikimbilia na karatasi mkononi, "Zaituni, Zaituni, namba nne umepata ngapi?"

Nikamwambia, "Nimepata njaa. Twende tukale."